Sikio Lililojibu Uani

Mjukuu wangu Nyangeta,

Pokea salamu za Butiama. Sote wazima, na bibi yako wa Mugango anakuanikia dagaa. Kwa ukoo mimi ni babu yako, ingawa tulimaliza shule mwaka mmoja. Basi nivumilie nikujibu kibabu.

Umeuliza kama hereni za kielektroniki zitakuondolea kazi ya kukagua ng'ombe wako huko ugenini. Hereni hiyo haina betri. Mawimbi ya redio ya mashine ya kuisomea yakiifikia, huamka, ikataja namba yake na kunyamaza.

Nilipotoka chuoni nilibishana na baba kuhusu jambo hilo.

"Mimi nawaitaga majina, nikiwaangalia usoni," alisema. "Wewe msomi, bofya hicho kidude chako."

Asubuhi moja yenye ukungu mzito, ng'ombe wakiwa wamejibana zizini, nilipitisha mashine kando ya ua wa miiba. Namba zote zilijibu, hata ya Mweusi, maksai wetu wa kulimia. Nikatangaza kwamba hakuna aliyepungua.

Ukungu ulipoinuka, baba alimwita Mweusi shambani. Hakuja. Nikarudi uani na mashine. Ikataja namba yake mahali pasipo na ng'ombe. Hapo nikaliona sikio jeusi lenye hereni, limetundikwa kwenye mwiba, limenielekea.

"Nilimsoma, baba."

"Ulimsoma. Ulimwona?"

Wezi waliomkata sikio walikuwa wameshafika naye mbali. Msimu ule tulilima kwa mikono.

Baba alikataa sikio liondolewe. Limekaukia palepale, na kila nipitapo na mashine, Mweusi yupo nyumbani.

Babu yako.