Kozi Uliyonichagulia Nikiwa Kazini

Hosteli ya wanawake,
Nje kidogo ya Nakuru.
Jumatano.

Kwako Baba Shiku,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa kuyakubali mapenzi ya Mungu, ninatangaza kifo cha kifuniko cha flaski ya buluu, kilichotokea ghafla juzi asubuhi kwenye ngazi za hosteli, baada ya kuugua ufa kwa muda mrefu. Marehemu alikuwa mali ya mama yako. Ameacha flaski moja na kikombe cha bati. Habari ziwafikie wa Longonot, wa Mai Mahiu na wote waliomfahamu. Mama umwambie polepole, akiwa ameketi.

Hilo likishapita, hamjambo? Kifua chako kinaendeleaje na hilo vumbi? Shiku bado anakohoa? Anavaa soksi, au mnamwacha atembee vile anavyotaka kwa sababu mimi sipo? Yule mbuzi wa kahawia amezaa, au bado anatudanganya na tumbo? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala. Kinachoniandikisha si mwili.

Najua unashangaa kuona barua. Ningepiga simu, lakini simu yako ikilia huwekwa spika mezani, na mama yako hujibu kabla yako. Haya si maneno ya spika. Isome ukiwa peke yako, kule nyuma ya zizi, na uisome hadi mwisho, kwa sababu kuna kitu nataka ulete kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo.

Nianze na siku ya kufika, maana hukuiona. Uliniweka chini getini na godoro na sanduku, ukasema ng'ombe hawajanyweshwa, ukageuka. Nikasema moyoni, huyu mwanaume anaumwa na kuniacha, hataki nimwone akilia. Nikakuhurumia njia nzima kutoka getini hadi ukumbini. Hiyo huruma naiomba irudi.

Foleni ya kujisajili ilianzia ukumbini, ikazunguka maktaba, ikapotelea kwenye miti. Kila mtoto alikuwa na mamake, na kila mama alikuwa na ndoo. Askari wa hosteli aliponiona na godoro kichwani akanizuia kwa heshima zote. "Mathe, wazazi wanabaki hapa nje. Mwache mtoto aingie pekee yake."

Nikamwambia, "Mtoto ni mimi."

Akaangalia barua yangu, akaniangalia, akaangalia barua tena. "Basi karibu, mtoto," akasema, na akanibebea sanduku. Tangu siku hiyo akiniona huniuliza kama nimemaliza homuwaki.

Chumbani tuko wanne. Wenzangu watatu wana miaka kumi na tisa kila mmoja, na wote wanaogopa kuosha sufuria. Aliye karibu nami zaidi ni Chebet, msichana wa Molo, mrefu, mdomo hauna breki. Siku ya kwanza aliniita Mathe, ya pili Aunty, sasa ananiita Mama Shiku kama watu wa nyumbani. Mimi huwaamsha, huwatengenezea chai, huwauliza simu ya nini saa hii. Nimekimbia nyumba moja nikakuta nyingine, tofauti ni kwamba hii haina mbuzi.

Lekcha nazo ni kama soko la Karagita siku ya mshahara. Ukichelewa unakaa kwenye ngazi, ukichelewa zaidi unasikilizia dirishani. Mhadhiri wa somo la misingi ya elimu alituuliza, nani kati yenu alitaka kuwa mwalimu tangu utotoni? Mikono ikawa michache hata akaihesabu bila kunyoosha kidole. Akacheka. Akasema msijali, hata yeye alitaka kuwa rubani. Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa bado naamini ni serikali iliyonifanyia hivyo.

Unakumbuka ulivyonipa habari? Nilikuwa napepeta maharagwe. Ukaingia na simu mkononi, uso mzito kama wa mzee wa kanisa siku ya sadaka ndogo. "Mama Shiku, umeitwa chuo. Lakini jiolojia wamekunyima. Wamekupa ualimu, hapa karibu na Nakuru. Serikali ikishaamua imeamua." Nikaketi chini. Ukanishika bega. Ukamchinja yule jogoo mwekundu ili nisilie. Na kweli nililia nikiwa na paja la kuku mkononi, nikiilaumu serikali ya watu, ambayo kwa mara ya kwanza maishani mwake haikuwa imefanya kitu.

Jana niliona tangazo ubaoni. Anayetaka kuhama kozi ajaze fomu, aambatishe karatasi inayoonyesha machaguo aliyojaza mwanzo, na alete cheti halisi cha mtihani. Nikasema ngoja nijaribu, serikali nayo husikia ikisumbuliwa. Nikaenda chumba cha kompyuta. Kijana anayesaidia watu pale akafungua ukurasa wangu, akanionyesha machaguo. Ualimu, ualimu, ualimu, chuo hiki hiki mbele. Nikamwambia, hayo si yangu. Mimi nilijaza jiolojia mara tatu, vyuo vitatu, kimoja kiko hadi Mombasa.

"Ulibadilisha, Mathe."

"Sijabadilisha."

"Wiki ya kurekebisha uliingia ukabadilisha. Ona, Jumanne, saa nane mchana. Labda umesahau."

Sikusahau. Wiki hiyo, Baba Shiku, ilikuwa ya oda ya Siku ya Mama huko Ulaya. Saa nane mchana ya kila siku nilikuwa pakihausi, kule ghala la kampuni ya maua Naivasha, simu imefungiwa kabatini kama sheria inavyotaka, nikifunga waridi za kupelekewa mama za watu wengine. Na pasiwadi yangu ni jina la Shiku na mwaka aliozaliwa. Duniani wanaoijua ni watatu. Mimi, wewe na Shiku. Shiku bado anaandika namba nne ikitazama nyuma.

Kijana akaniuliza kama nataka maji.

Halafu mambo yakaanza kupangana yenyewe, kama waridi kwenye mkanda wa mashine. Jumanne ile ulirudi kutoka Naivasha na mkate wa siagi bila sababu. Ulisema ulikuwa umekaa saiba, pale pa intaneti, kwa yule rafiki yako anayechapisha kadi za harusi, yule anayejua kila kozi isiyo na kazi. Na mama yako. Mama yako alianza kuniita Mwalimu wiki mbili kabla majina hayajatoka. "Mwalimu, lete chumvi." "Mwalimu, ng'ombe ametoka." Nilidhani ni unabii. Nilidhani yule mama ana maono. Kumbe ana mtoto mwenye mdomo.

Yaani mlijua. Nyumba nzima ilijua mimi ni nani, isipokuwa mimi.

Sasa nisikie vizuri. Usiniambie ulifikiria Shiku, kwa sababu na mimi nilimfikiria, nikamfikiria tukiwa tumeketi wote wawili jikoni, nikakuuliza, "Nikiitwa Mombasa utaweza?" Ukakoroga ugali. Ukasema, "Tutaweza." Hilo neno nililiamini. Kama hungeweza ungesema huwezi. Ningekasirika siku tatu, ningekunyima salamu, halafu tungepatana kama watu.

Na usiniambie mawe ni kazi ya wanaume. Miaka miwili niliwaoshea mawe wale watu wanaochimba mvuke wa umeme ardhini, yale yanayotolewa shimoni yakiwa vipande vipande, nikayapanga kwenye visanduku kwa kina chake. Hakuna aliyenifundisha. Nilisikiliza wakibishana. Ikafika mahali mkubwa wao akiokota jiwe, mimi nimeshajua atasema nini, na siku moja alikosea na nikanyamaza kwa sababu nilikuwa kibarua. Hicho ndicho nilichokuja kumaliza, kile kunyamaza. Mlima ule wa moto wa Longonot uko mlangoni petu, wewe unaona mahali pa kuokota kuni na watalii wa kuuzia maji. Mimi nataka kujua ulikasirika lini mara ya mwisho na ni nini kiliupoza. Kwa hiyo nilirudia mtihani nikiwa mtu mzima, nikasomea kwenye basi la kampuni, vidole vimechomwa na miiba. Wewe ulichukua dakika ngapi pale saiba?

Chebet nilimweleza yote jana jioni, chakula kikipoa mbele yangu. Akasikiliza, akamaliza chapati yangu kwa kuwa sikuigusa, akasema, "Mama Shiku, mimi pia ni baba alinichagulia. Nilitaka fasheni, akasema kilimo."

Nikamwambia, "Unaona? Wote ni wale wale."

"Lakini aliniambia," akasema. "Tulipigana nyumbani mpaka majirani wakakuja. Ndio nikaandika kilimo na mkono yangu."

Nimelizunguka hilo neno usiku kucha. Sikuibiwa jiolojia tu. Niliibiwa ule ugomvi. Ningeweza hata kushindwa.

Basi sikiliza. Cheti changu cha mtihani kiko kwenye sanduku la mama yako, chini ya leso zake za kanisa, pamoja na kitambulisho cha marehemu baba yako. Ukitoe. Usimpe dereva, usikitume kwa ofisi ya matatu, usimpe kijana wa jirani. Kilete mwenyewe hadi getini ulipoliangusha godoro, na unipe mkononi, na hapo hapo uniambie kwa mdomo wako ulichofanya Jumanne ile. Nikikubaliwa kuhama nitahama. Nisipopata cheti kufikia Ijumaa hiyo, dirisha linafungwa na nitafundisha watoto wa watu hadi nizeeke, na kila siku nikishika chaki nitakukumbuka, si kwa wema.

Jumamosi sitakuja. Usinipikie. Mwambie Shiku mama ana kazi ya shule, jambo ambalo si uongo, nyumba yetu imeshakuwa na wa kutosha.

Nisalimie mama yako, mzaa chema, na umwambie Mwalimu anauliza kama maono yanaendelea. Nisalimie dada yako anayesuka, mwambie nywele alizonisuka zimedumu kuliko ndoa za wengi hapa. Msalimie mzee wa stesheni aliyenipa kalamu mbili, na zote zinaandika, hii ni moja yazo. Shiku umbusu kwenye paji, na umwangalie akiandika nne.

Ni mimi mkeo, ambaye hajakusamehe wala hajakuacha,

Mama Shiku.

Alhamisi, saa sita mchana.

Bahasha sijaifunga. Asubuhi nimeenda ofisi ya jiolojia na nakala ya matokeo, niulize kama watapokea fomu wakati cheti kiko njiani. Mama aliye pale mezani ni mtu mzuri, amenipa kiti. Ameangalia pointi zangu, halafu akafungua orodha ya waliochukuliwa jiolojia mwaka huu na pointi zao, chuo kwa chuo, vyote vitatu nilivyokuwa nimejaza, hadi kile cha Mombasa. Amerudia mara mbili kwa sababu nilimwomba arudie.

Pointi zangu hazikutosha hata chuo kimoja, hata kama usingegusa kitu Jumanne ile.