Birika la Mama Dena

Jumatatu, 4 Agosti 1986
Nimepewa jenereta! Bosi wa kiwanda cha chumvi amekubali tuitumie kanisani, hapa Marereni, siku askofu atakapokuja. Jumapili ya tarehe 17. Sharti ni moja: ikiungua, na kazi yangu imeungua. Sawa. Kibati chake kinasema volti 240, ampia 6. Zidisha — wati 1,440. Kinanda, spika, na taa (mchana, ndiyo, lakini watu wanataka kuziona), jumla wati 860. Tutapumua.
Zipporah ataniona. Yeye ndiye kiongozi wa kwaya. Na mamake ataniona. Hasa mamake! Bila yeye kukubali, siwezi kuwaleta wazee wangu kutoka Machakos kuja kuposa.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimemweleza Zipporah habari za rezistansi. Alicheka mpaka akashika mlango. Yeye ni mwalimu wa Kiswahili. Neno lenyewe, akasema, ni ukinzani. Ukinzani! Nimelirudia njia nzima mpaka nyumbani. Nitalitumia mbele ya mamake, ajue Mkamba naye anaweza kusema vizuri.

Jumatano, 13 Agosti
Nimekwenda kwao Zipporah, kumwona mamake. Shikamoo, Mama Dena. Marahaba mwanangu, keti. Mwanangu!! Nusura nianguke na kiti.
Kisha akaleta kitu kimefunikwa kitambaa cha kufuma. Birika la umeme. Dena, mwanawe mkubwa, alimletea kutoka Mombasa. Nyumba yenyewe haina umeme! Limekaa kabatini tangu Krismasi. Jumapili, anasema, litachemsha chai ya askofu mlemle kanisani, watu wote walione.
Nikatafuta wati zake chini ya kitako. Hakuna. Amelisugua kwa jivu mpaka maandishi yamekwisha. Nimeomba nilipeleke karakana nikalipime.

Alhamisi, 14 Agosti
Volti 240. Linavuta ampia 8. Gawanya: ukinzani ni omu 30 tu. Zidisha: wati 1,920.
Nimerudia hesabu, labda nimekosea. Sijakosea. Birika peke yake linaishinda jenereta! Hata tuzime kila kitu na askofu ahubiri kwa kupiga kelele.

Ijumaa, 15 Agosti
Nimeharibu. Nimeharibu kabisa.
Nilianza kwa heshima. Mama, nikasema, shida ni kwamba birika lako lina ukinzani mdogo.
Akalivuta birika kwake.
"Birika langu linampinga nani?"
Hapana mama, nikasema, halipingi sana, na hilo ndilo tatizo. Lingepinga zaidi tungekuwa salama.
Ee Mungu. Akasema nyumba hii haijapata kulipinga kanisa hata siku moja, marehemu mumewe alikuwa shemasi. Zipporah alikuwa ameziba mdomo kwa leso, mabega yanamtikisika. Hakunisaidia hata kidogo!
Mama akatafuta njia: basi ataweka maji nusu, livute nusu. Nikamwambia litavuta ampia zilezile nane, ila litachemka upesi. "Si ndiyo vizuri! Litachemka kabla jenereta haijajua."
Nikataja kuni. Kwa nini nilitaja kuni? Askofu anywe chai ya moshi! akafoka. Birika likarudi chini ya kitambaa. Wakati wa kuaga sikuitwa mwanangu. Niliitwa "wewe fundi".
Nimemwendea Pasta Joram anisaidie kumkataza. Hathubutu. Anasema tutaiombea jenereta.

Jumapili, 17 Agosti
Naandika kwenye goti, ibada inaendelea. Taa zinawaka. Spika safi. Kwaya — hata siwezi kueleza. Jenereta inanguruma huko nje bila wasiwasi.
Soketi moja tu imebaki wazi, kwenye kibao cha nyaya kilicho sakafuni nyuma ya kinanda. Nimeikalia.
Mama Dena yuko karibu nami na birika limejaa pomoni. Plagi mkononi. Ananong'ona nipishe. Mimi naimba tu.
Wamesema tusimame kwa maombi. Kanisa zima limesimama, hata vikongwe. Mimi nimekaa. Mama Dena kanitazama kama mtu aliyeingia kanisani na kofia.
Sasa askofu amenyamaza. Ameniona. Amemwuliza Pasta kitu, na Pasta — Joram huyu! — ametikisa kichwa kwa huzuni. Askofu anashika kipaza sauti: kuna ndugu yetu hapa miguu yake ni mizito, tumwombee, leo ataondoka kwa miguu yake mwenyewe!
Watu wanalia haleluya, kwaya imeanza wimbo. Kuna mama amepiga vigelegele. Askofu anateremka, mikono mbele. Mama Dena amechuchumaa, plagi tayari.
Zipporah ameacha kwaya yake katikati ya wimbo. Anakuja. Amepita mbele ya mamake bila kumtazama, kaniinamia sikioni:
"Kioko, usithubutu kuinuka."
Na mkono wake umenikandamiza bega. Askofu naye amenishika mkono usio na kalamu, anavuta —