Chumba Kisichoshika Simu

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na watoto. Mgongo wako umetulia? Mimi mwili ni mzima, ila moyo ndio umevunjika. Tangu nirudi kutoka kumzika Mama, barua hii nimeianza mara nne nikaichana.

Uliniuliza kazi gani hiyo iliyonishika hivyo. Ni kibao tu, kaka, kidogo kuliko kiganja chako. Juu yake nimepanga vipande vya shaba ili antena mbili zikae jirani bila mawimbi ya moja kuivuruga nyingine. Kazi ni kukifanya kiwe kidogo na bado kizuie mawimbi ya masafa mengi, ya chini hadi ya juu. Ukikipunguza, upana wa masafa nao unapungua. Miaka mitatu hiyo! Msimamizi wangu hunitania kwamba nimeolewa na kibao.

Tunapimia kwenye chumba kilichozungushiwa chuma, wimbi la nje haliingii. Simu haishiki humo. Ndivyo nilivyokwambia, na ndivyo ulivyowaambia akina shangazi siku ya msiba walipoanza kunisema kwamba sikupokea simu. Uliwaambia waniache, maskini sikujua. Nilikuwa jikoni, nikakusikia, nikanyamaza.

Kaka, nilijua. Siku ile, saa sita mchana, nilitoka kunywa maji, nikaikuta simu mezani: umepiga mara saba, na ujumbe wako, “Mama anakutaka. Anataka kusikia sauti yako tu.” Lakini ndani, kwenye mashine ya kupimia, mstari unaoonyesha mawimbi yanayovuka toka antena moja hadi nyingine ulikuwa umezama vizuri ajabu, upana wote nilioutafuta. Niliogopa nikiuacha sitaupata tena. Nikajiambia nusu saa tu, nikarudi, nikafunga mlango. Nilipotoka, Mama hayupo.

Na mstari wenyewe ulikuwa wa uongo. Juzi nimerudia vipimo, nikakuta waya mmoja ulikuwa umelegea kwenye antena. Kibao changu hakikuzuia kitu; mawimbi hayakuwa yakitoka kabisa. Ningeukaza tu ule waya siku ile ningejua, na ningeenda zangu kupiga simu. Nimelia mpaka nimechoka.

Sikuombi unisamehe leo, najua umeumia. Nakuomba usinitetee tena. Shangazi wakinisema, waache waseme.

Mpe wifi pole ya kumuuguza Mama, na watoto uwabusu. Usipojibu, sitanung'unika.

Ni mimi mdogo wako,
kitindamimba wa Mama