Saladi Isiyo na Mwenyewe

Jumapili, 12 Januari

Barafu tena! Nje baridi inapasua midomo, ziwa zima limeganda, watu wanaendesha magari juu yake – na mimi Kerubo, binti ya watu, nimeingia kanisani na mifuko miwili ya barafu. Ya kununua. Minnesota. Januari!

Ni ile orodha. Kila tukila pamoja, Dada Philister, mwenyekiti wa akina mama, anaituma kwa WhatsApp: pilau Nkirote, mbuzi Gilbert (mume wa Philister), chapati yeye mwenyewe. Mwisho kabisa, chini hata ya chumvi: barafu na sahani za karatasi – Kerubo. Mwaka wa nne huu! Kisa? Chapati nilizopika mara moja tu. Sawa, watoto walizirushiana kwa parking. Lakini mara moja!

Nacheka nao, ila inauma. Mwanamke wa miaka thelathini na nane haaminiwi hata kwa kachumbari.

Jumanne, 14 Januari

Shifti kwa Mama Wanpen, Saint Louis Park. Mthai, miaka themanini na mmoja. Mkahawa wake aliufunga zamani, lakini bado anapika, mkono mmoja kwa walker, kile kifaa chake cha kutembelea. Kazi yangu ni dawa, kuoga, mazoezi ya miguu. Na kula chochote anachonilazimisha – hiyo haimo kwenye fomu.

Leo kanipa saladi. Letasi, tango, yai la kuchemsha, tufaha, zabibu kavu, na juu yake krispi za viazi. Krispi! Halafu akamwagia mchuzi mzito wa manjano. Nikaonja. Sukari! Sukari kwenye majani! Kwetu hata mbuzi angeuliza maswali.

Nikaweka uma chini. Nikauchukua tena. Nikamaliza. Nikalamba sahani, Mungu anisamehe.

Nikamuuliza kama ni chakula cha kwao. Akashangaa sana. Hapana, ni cha Wazungu. Kwao Thailand kila mtu anajua hiyo ni saladi ya Kizungu.

Alhamisi, 16 Januari

Zachariah, mkwe wa Mama Wanpen, Mzungu wa Oakdale, alikuja kuondoa theluji mlangoni. Nikamwambia saladi ya kwao nimeipenda. Ipi? Ile tamu. Akacheka. Hajawahi kuiona popote maishani ila meza ya mama mkwe. Maziwa matamu ya mkebe kwenye letasi? Hiyo ni ya Wathai, anasema, Wazungu wasisingiziwe.

Sasa, tufikirie kama watu wazima. Mthai anasema ni ya Wazungu. Mzungu anasema ni ya Wathai. Basi haina mwenyewe. Na kitu kisicho na mwenyewe ukikiokota si wizi. Au?

Mama kanipa chupa nzima ya mchuzi niende nayo nyumbani. Iko kwa friji. Inaniangalia.

Jumapili, 19 Januari

Nimekiokota.

Nimepeleka barafu kama kawaida – na bakuli. Nikaliweka kati ya pilau na mbuzi. Hakuna aliyeligusa. Wakalizunguka kama ajali. Mwishowe Gilbert akajipakulia kwa kunihurumia tu, nilimwona. Akatafuna. Akarudi. Mara ya tatu alikuja na kijiko kikubwa.

Dakika kumi, bakuli jeupe! Philister akauliza nani kapika. Mimi, nikasema. Ya nyanya yangu mzaa mama, Nyamira. Mdomo ulienda wenyewe! Akauliza nyanya alitolea wapi mchuzi kama huo. Kwa masista wa misheni, nikasema, alikuwa akiwapikia. Nyanya yangu! Aliyekuwa akisema majani mabichi ni ya sungura!

Kwa orodha nimepanda mpaka juu. Philister anataka nipike saladi ya harusi ya Nkirote. Watu mia na hamsini! Ila kwanza, Jumamosi, niwaonyeshe akina mama jikoni pa kanisa, hatua kwa hatua. Nikishindwa, akasema akitabasamu, barafu ipo.

Njia ya mwongo fupi. Yangu ni ya siku sita.

Jumatatu, 20 Januari

Nimemwambia Mama Wanpen kila kitu. Hata masista. Alicheka mpaka nikamshika asianguke. Nilidhani angekasirika – na ningestahili. Nimeona haya. Kidogo. Halafu nikala sahani ya pili.

Lakini kunifundisha, hataki. Vipimo viko mkononi, anasema, si mdomoni. Nikambembeleza. Akatazama dirishani, akasema tangu binti yake Susan alipomnyang'anya funguo za gari Oktoba, ameenda kwa daktari na kurudi. Basi. Hata harufu ya jikoni ya watu wengine ameisahau. Nimpeleke Jumamosi, atanisaidia.

Jumamosi ndiyo siku yangu pekee ya kulala. Lakini nimekubali, na Susan naye kakubali.

Mpango: atakaa karibu nami. Akikohoa mara moja, niongeze siki. Mara mbili, maziwa. Mara tatu, niache.

Ijumaa, 24 Januari

Nimejaribu peke yangu nyumbani. Viini vya mayai, maziwa ya mkebe, siki, haradali. Jaribio la kwanza: uji wa mtoto. La pili: gundi. La tatu sisemi, sufuria bado imelowekwa.

Tegemeo ni kikohozi.

Jumamosi, 25 Januari

Naandika nikiwa chooni. Choo cha kanisa. Mlango nimeufunga.

Mama Wanpen kaja na lipstiki nyekundu na kitambaa cha hariri. Wamempokea kama bibi harusi! Kiti chenye mto, chai ya maziwa, chapati za Philister zenye moto. Wakamuuliza kama anaijua saladi yangu. Akasema mimi ndiye niliyemfundisha! Kabla Kerubo hajaja, alikuwa hajui hata kuchemsha yai! Wakapiga vigelegele. Haki, anadanganya kunishinda.

Halafu nikaanza. Viini, nikaviponda. Maziwa, nikamimina. Siki – nikamwangalia. Hakohoi. Alikuwa anatafuna chapati ya tatu, Gilbert anamwonyesha kwa simu picha za mbuzi wake. Nikakohoa mimi, kumkumbusha. Philister akaniletea maji! Nikakohoa tena. Akaniletea dawa ya kifua! Nikasema tumbo, nikakimbia.

Na sasa nasikia walker. Tak, tak. Imesimama mlangoni.

Karatasi imepita chini ya mlango. Mapishi! Yote, mistari kumi na mbili, na tarakimu! Alikuwa nayo mfukoni muda wote, huyu mama!

Imeandikwa Kithai. Kila herufi.

Chini kabisa, kwa Kiingereza, swali moja: utanitoa kila Jumamosi? Na mstari wa kuweka saini. Sasa kalamu nayo imepita.

Philister anaita kutoka jikoni. Viini vinapoa, na kama nimezidiwa nisione aibu, duka la barafu liko karibu. Kwa upole! Upole ule!

Kila Jumamosi. Usingizi wangu wote wa dunia hii.

Nimemnong'oneza Mama anisomee kwanza, nitie saini baadaye. Ananong'ona nitie kwanza. Hana haraka, anasema. Chapati bado zipo.