Amplifaya Isiyopata Moto

Mbinga mjini, 4 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za siku nyingi, na mifupa inaendeleaje na mvua hizi? Mimi mzima, Gertruda na watoto wazima, wanakusalimu. Naandika kwa sababu simu imekuwa kazi ya kupayuka bure, na dada Tadea amechoka kukuandikia kwenye daftari kila ninachosema.

Krismasi uliniambia masikio yamekwisha, ila radi ikipiga juu ya ziwa bado unaisikia kifuani. Neno hilo nimerudi nalo huku. Kwenye simu yangu ninayo ile ngoma ya mganda uliyopiga mwaka wa mwisho kabla hujaacha. Nataka nikuundie sabufa, mdundo upite kifuani kama masikioni haupiti.

Taabu ni umeme. Betri yenu ya sola ni ya taa mbili tu. Amplifaya za kawaida, hizi zinazoletwa kibandani kwangu kila siku, umeme mwingi zinaugeuza joto. Kwa hiyo naunda ya aina nyingine, wanaiita daraja D. Transista zake zinawaka na kuzima mara laki kadhaa kwa sekunde, halafu koili inalainisha, ngoma inatoka. Ikikubali haipati moto, na betri yenu itatosha. Mpaka leo nimeunguza transista nne na kitambaa cha meza cha Gertruda.

Mwanao,
Isidori


Lundo, 22 Machi 2024

Mwanangu Isidori,

Marahaba. Sisi wazima, mifupa ipo. Mihogo imekubali, usipa wameadimika ziwani. Barua yako dada yako Tadea aliisoma kabla yangu, umbea wake unaujua.

Mashine inayofanya kazi bila kupata moto sijapata kuiona. Mimi nikipiga ngoma jasho lilikuwa linashuka mpaka ndani ya viatu. Lakini fundi ni wewe. Ulikuwa mdogo ukafungua redio yangu nikiwa kanisani, ukaifunga zikabaki skrubu tatu, na redio ikaongea.

Fanya haraka. Radi ya juzi niliiona tu.

Baba yako,
Stephano


Mbinga mjini, 9 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Poleni na shughuli. Nisamehe ukimya, Aprili yote iliishia kwenye koili. Kila besi ikija kwa nguvu, koili inazidiwa na transista inakufa. Mwisho nilichukua kiini cha koili kikubwa zaidi, nikazungushia waya mnene, na katikati ya vipande viwili vya kiini nikaweka karatasi ya daftari ili viachane kidogo. Tangu hapo haijafa. Jana nimeipiga saa tatu mfululizo, nikaweka kidole kwenye transista: vuguvugu.

Nakuletea kwa Hamidu, kondakta wa basi la Liuli. Sanduku liweke kwenye kona ya ukuta, ukae juu yake. Ngoma yako nimeiweka ndani kwenye kadi ya kumbukumbu, Tadea abonyeze tu kitufe chekundu. Ukitaka kujua kama inafanya kazi, weka sufuria ya maji juu yake uone yanavyotetemeka. Kisha uniandikie mwenyewe ulichosikia, usimwachie Tadea.

Mwanao,
Isidori


Lundo, 23 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba, na salamu kwa mkwe wangu na wajukuu. Sanduku limefika salama. Hamidu alilipakata njia nzima.

Nimeisikia. Ngoma inanguruma kama zamani. Majirani wamekuja, Egidi aliyerithi ngoma yangu amekuja na wachezaji wake, wote wamefurahi. Maji yanatetemeka kama ulivyosema. Asante sana. Sasa usihangaike tena, shughulikia watoto wako.

Baba yako,
Stephano


Mbinga mjini, 14 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mara nyingi, nikamsomea na Gertruda. Kwa wiki mbili nilijiona mtu.

Juzi Tadea amepiga simu. Anasema spika imeungua, gundi imeyeyuka na karatasi imejikunja, kwa sababu kila jioni ulikuwa unaisogeza jikoni na kuigeuza ielekee moto kama mnavyowamba ngoma kabla ya kuingia uwanjani. Mwanzoni nilicheka. Baba, ile ni karatasi, haina ngozi ya kukaza.

Kisha kicheko kikaniisha. Nimekua nikikuona ukipasha ngoma moto, na hukuwahi kupasha ngoma inayolia. Ulikuwa unapasha iliyolegea, isiyotoa sauti. Na uliniandikia kwamba radi uliiona tu, mimi nikaruka mstari ule kwa sababu ya kiherehere cha koili. Niambie ukweli, sikukasirikii. Uliisikia?

Mwanao,
Isidori


Lundo, 30 Juni 2024

Isidori,

Marahaba. Hatujambo.

Sikusikia. Tadea alikuwa anacheza, Egidi anapiga makofi, maji kwenye sufuria yanaruka, na mimi nimekaa juu ya sanduku kama mtu aliyekaa juu ya gunia la mahindi. Ningewaambia nini watu wale? Nikatikisa kichwa kwa kufuata makofi ya Egidi.

Walipoondoka nilijiambia ngozi imeingia unyevu wa ziwa. Sikukushuku wewe, na mwili wangu sikutaka kuushuku. Nikaisogeza kwenye moto. Kesho yake sikusikia, nikaisogeza zaidi. Miaka arobaini nimefanya hivyo na ngoma imeitika.

Nilikudanganya kwa sababu ulikuwa umefurahi. Nisamehe.

Kuna jingine ambalo hata Tadea sijamwambia. Zamani nikilala naipiga ngoma nzima kichwani, toka mistari ya wachezaji inavyoingia mpaka inavyotoka. Siku hizi nafika pale mistari inapogeuka, sikuti kitu. Naogopa, mwanangu. Rekodi mpe Egidi. Sanduku nakurudishia kwa Hamidu, huenda ukaona lilipokosea.

Baba yako,
Stephano


Mbinga mjini, 21 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Huku kahawa imeiva, kila mtu yuko shambani, na mji umetulia. Barua hii nimeianza mara nne. Gertruda anakupa pole. Ameniona nalia kibandani, akafunga mlango wateja wasiingie.

Rekodi nimemtumia Egidi.

Sanduku lilifika. Nimeweka spika nyingine, nikawasha, nikalikalia mwenyewe. Mdundo ulinipanda mpaka kwenye meno. Nikazima, nikafungua kila kitu. Nimepima koili, transista, waya mmoja mmoja, siku tatu, nikiomba nikute nilipokosea, hata kosa la aibu la mwanafunzi. Lingekuwa langu ningelirekebisha, na wewe ungesikia.

Sikulikuta. Mashine ni nzima, Baba.

Nakuja Jumamosi.

Mwanao,
Isidori