Mama Ananiomba Nimsomee Ukurasa wa Thelathini na Moja

Mpendwa Mama Bora,

Amahoro. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba yetu hapa Rumonge, mama yangu yuko ndani ananingoja, na sijui kama niichome kaye yangu, daftari la hadithi, au nikamsomee tena, kwa hiyo nisikilize na unijibu kabla ya Jumamosi, kama unavyowajibu wengine wanaokuandikia shida zao.

Mimi naitwa Sharifa, nina miaka arobaini na mmoja, ni fundi cherehani sokoni. Katika mtaa wetu kila mwaka kuna shindano la hadithi, si la kugombana, ni la majirani tu, mshindi anapigiwa makofi na kupewa bidoni, dumu zima la mawese, na hadithi zenyewe ni zile za kuchagua: unaandika kurasa zenye namba, na mwisho wa kila ukurasa msomaji anapewa njia mbili, akitaka hivi anakwenda ukurasa huu, akitaka vile anakwenda ule, na kila mtu anafika mwisho wake. Msimamizi ni Lukeba, fundi wa simu, na ana kanuni moja anayoilinda kama imeshuka kutoka mbinguni, kwamba kila ukurasa uwe na njia mbili, ukiwa na moja unakatwa alama. Mwaka jana nilishindwa na Hadji wa baiskeli aliyeandika habari za mbuzi anayetafuta mchumba, watu walicheka mpaka wakatoa machozi, nami nikaapa kwamba mwaka huu nitaandika kitu cha kweli.

Nikaandika maisha ya mama. Hadithi inaanza siku ya Uhuru, mwaka 1962, yeye ana miaka minne, yuko mabegani kwa baba yake, na msomaji anachagua kama atatazama bendera mpya ikipanda au atalia apewe muwa. Halafu inakwenda mpaka 1972, mwaka wa ikiza, yale mauaji makubwa, na hapo ndipo nilipojiharibia.

Mwaka ule mama alikuwa na miaka kumi na minne. Asubuhi moja ya mwezi wa tano watu wakaanza kuuawa upande wa barabarani, babu alikuwa hayupo, bibi akawakimbiza watoto wake watatu mpaka ufukweni kwenye mtumbwi wa jirani yao Uledi: mama yangu Kadidja, mdogo wake Mariyamu wa miaka saba, na mjomba Hamissi ambaye bado alikuwa ananyonya. Bibi alikuwa na kanga mbili tu. Moja alimbebea Hamissi mgongoni, nyingine alimfunga nayo mama kiunoni akajifunga na yeye mwenyewe, mafundo mawili, kama watu wa ziwani wanavyofanya wakivusha watoto siku ya mawimbi. Haya aliniambia bibi kabla hajafariki, na kanga hiyo iko sandukuni mpaka leo. Walikuwa wameshapanda, Mariyamu bado yuko kwenye maji ya magoti, ameshikana mkono na dada yake akingoja kuvutwa, ndipo akakumbuka ubao wake wa chuo cha Kurani ameuacha nyumbani, akasema mwalimu atamchapa, akachomoa mkono akakimbia kupita kwenye michikichi. Uledi akasukuma. Hawakumwona tena. Tulikaa Kigoma miaka thelathini na sita, mimi nilizaliwa huko, tukarudi, na miaka yote hiyo mama akiulizwa habari za Mariyamu hujibu neno moja tu: "Mimi nilimwachia mkono."

Basi ukurasa wa 30 niliandika hivi: Mdogo wako amekimbia. Ukishuka umfuate, nenda ukurasa wa 31. Ukibaki mtumbwini, nenda ukurasa wa 34.

Mama anasoma Kurani, lakini herufi hizi zetu hazijui, kwa hiyo wiki iliyopita nikamsomea. Alifurahi sana pale pa muwa. Tulipofika ukurasa wa 30 akasema, "Nipeleke kule kubaki. Ndiko nilienda." Nikamsomea. Akauliza, "Na ile ingine iko na nini?" Na mimi, Mama Bora, nilikuwa naingoja hiyo nafasi, nilikuwa nimeuandika ukurasa wa 31 kwa mapenzi kuliko kurasa zote, humo mama anashuka, anamkuta Mariyamu amejificha nyuma ya pipa la mawese na ubao wake kifuani, wanajificha siku tatu, wanavuka, na Mariyamu anakua, anaolewa Nyanza-Lac, nikampa watoto wanne na majina yao. Nilidhani namrudishia mama mdogo wake.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema polepole, "Kumbe ningeshuka, mutoto angepona."

Tangu siku ile, kila baada ya alasiri anakaa kwenye mkeka ananiita, "Sharifa, nisomee kule penye nilishuka." Nikisoma hali chakula, hata ndagala, dagaa wa ziwani, nikimkaangia anazisogeza pembeni. Nikikataa analia. Juzi jirani alimwambia ni hadithi tu, mama akamjibu, "Hapana, mutoto wangu ameandika, iko kwenye kaye." Nikiuchana ule ukurasa nitakuwa nimempoteza Mariyamu mara ya pili, nikiuacha nitampoteza mama. Na Jumamosi Lukeba anataka niisome hadithi mbele ya mtaa mzima. Nifanye nini?

Sharifa, wa Rumonge

*

Sharifa mwanangu,

Kwanza weka hicho kiberiti chini. Kaye haina kosa.

Mwenye kosa ni wewe, na nitakuambia ni lipi, maana wewe unadhani kosa lako ni kumpa mama yako ndoto nzuri. Sivyo. Hata mimi ningetaka wale watoto wanne wa Nyanza-Lac wawepo. Nimelia kidogo nilipofika kwao, na mimi si mtu wa kulia hovyo, waulize wanaonijua. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Hilo ungelikumbuka kabla ya kufungua kaye, lakini limeshapita.

Kosa lako liko ukurasa wa 30. Umeniandikia kwa mkono wako mwenyewe kwamba bibi yako alimfunga mama yako kwa kanga, mafundo mawili, akajifunga na yeye, na mgongoni ana mtoto mchanga. Kisha unamwambia binti huyo aliyefungwa: ukitaka, shuka. Ashuke vipi, Sharifa? Amburute mama yake na mtoto wa kunyonya ndani ya maji? Baba yangu alivua Gitaza miaka arobaini, na jambo moja aliturudia kila siku: mtumbwi uliojaa ukishaachana na mchanga, anayesimama anazamisha wote. Mama yako hakuwa na njia mbili. Alikuwa na moja, na aliyeifunga ni mama yake mzazi, kwa sababu alitaka walau huyo asimpotee.

Njia ya pili uliitengeneza wewe, ili Lukeba asikukate alama.

Usikasirike, nakupenda ndiyo maana nakuambia. Umezoea hadithi za mbuzi na wachumba, ambako kila mlango unafunguka. Maisha ya watu wa mwaka ule hayakuwa hivyo. Na mama yako amebeba jambo hili miaka hamsini na zaidi kwa sentensi moja, nilimwachia mkono, wakati wewe mwenyewe unasema Mariyamu ndiye aliyechomoa. Wala Mariyamu naye hana kosa. Alikuwa na miaka saba, alikiogopa kiboko cha mwalimu alichokijua kuliko mauti asiyoyajua. Mtu mwenye majonzi husahau fundo la kiunoni akakumbuka mkono tu. Halafu binti yake anamletea maandishi, yenye namba, yanayomwambia kwamba angeweza. Unashangaa kwamba hali chakula?

Sasa fanya hivi, na ufanye leo, usingoje Jumamosi. Fungua sanduku, toa ile kanga, mwekee mama yako mapajani. Usimhutubie. Muulize tu bibi alifungaje, na umwachie muda akuonyeshe kwa mikono yake. Mikono hukumbuka. Akikufunga wewe, kaa umefungwa mpaka atakapofungua mwenyewe.

Ukurasa wa 31 usiuchane. Utoe kwenye hadithi, kwa sababu hakuna aliyeweza kuufikia, ukunje, umpe mama yako autunze humo sandukuni pamoja na kanga. Siku akitamani kusikia habari za wale watoto wanne, msomee, mfurahie pamoja, lakini usimwambie tena kwamba walikuwa upande wa pili wa uamuzi wake. Njia mbili ziweke mahali ambapo wale watoto walikuwa nazo kweli. Walipotoroka chuo, walikwenda kuoga ziwani au kuiba chikichi? Walipogombana, nani alianza kucheka? Muulize. Mariyamu aliishi miaka saba, na wewe umeniandikia asubuhi yake moja tu.

Na Lukeba mwambie kutoka kwangu kwamba kanuni nzuri ni ile inayojua pa kukaa kimya. Akikukata alama, akate. Hadji achukue bidoni ya mawese mwaka wa pili mfululizo, itamfaa, ana watoto wengi. Na Jumamosi mama yako ndiye atakayesema kama hadithi isomwe au ibaki ndani. Akisema ibaki, ibaki.

Lakini ukurasa wa 30 uandike upya leo hii, umsomee kabla ya mtu mwingine yeyote. Nimekuandikia hapa chini, ubadilishe utakapoona pana haja, ila usiongeze njia:

Mama yako amekufunga kanga kiunoni, mafundo mawili. Mariyamu anachomoa mkono. Unamwita kwa sauti yako yote. Uledi anasukuma. Nenda ukurasa wa 34.

Mama Bora