Namba Sita za Mama Mumo

Alhamisi, Kibwezi. Wingu limetanda tangu asubuhi na halina nia yoyote ya kunyesha. Nimefunga maabara saa kumi, mapema kuliko kawaida, kwa sababu leo sikufanya kazi ya maana. Nilikaa tu.

Wacha niandike, huenda kifua kikapungua uzito.

Kwa wasiojua kazi yangu: ninapima mahindi kama yana sumu ya ukungu. Kusema kweli mimi sipimi. Mashine iko Kitui mjini, ni moja tu, na maabara kadhaa za huku kwetu tunaitumia pamoja. Mkulima ananiletea mahindi, ninasaga, ninatuma sampuli Kitui, mashine inafanya kazi yake, kisha mimi nikiwa hapa Kibwezi ninafungua majibu kwenye kompyuta. Ili kuyafungua unaandika neno la siri, halafu namba sita zinatumwa kwenye simu ya mwenye akaunti. Bila hizo namba huingii.

Mwenye akaunti alikuwa Kyalo.

Kila mmoja wetu alipaswa kuwa na akaunti yake. Kulikuwa na fomu. Ilitaka sahihi ya mkubwa wa Kitui na mafunzo kidogo huko, nami niliitia kwenye droo nikasema nitaijaza nikipata nafasi. Kyalo ndiye aliyekuwa akiitunza ile mashine, na ndiye aliyenifundisha kazi hii. Alituambia tutumie akaunti yake. Kwao Zombe, alisema, watu wakija mwethya, yaani kazi ya ujima, kumlimia jirani shamba, hakuna anayeuliza jembe hili ni la nani. Tukacheka, tukakubali. Kila asubuhi saa mbili nilimpigia, naye akanisomea namba sita, mbili mbili, polepole, kama mwalimu wa darasa la kwanza anayesoma imla. Akimaliza ananiuliza kama nimekunywa chai.

Kyalo aliugua, na hakukaa sana. Tulimzika Zombe siku ya jua kali.

Wiki iliyofuata nilikuwa na majibu ya wakulima yamekwama kwenye mashine. Nikapiga namba ya simu ya Kyalo bila kufikiria, mkono ulishazoea. Akapokea mkewe, Mama Mumo, aliyekuwa sokoni na ile simu. Nilitaka kukata. Badala yake nikamwomba msamaha, nikamweleza shida yangu, naye akasema, "Ngoja, zimeingia," akanisomea. Mbili mbili. Alikuwa amemsikia mumewe akisoma hivyo kila alipokuwa likizo na wakatoka pamoja kutafuta mtandao.

Siku iliyofuata nikapiga tena. Na iliyofuata.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, na sitalipaka rangi. Nyumbani kwa Mama Mumo mtandao haushiki. Ilimbidi kila asubuhi apande kilima kilicho nyuma ya kanisa, simu ya marehemu mkononi, ili ujumbe uingie anisomee. Siku moja aliniambia hiyo ndiyo saa pekee anayoona kama mzee bado yuko kazini. Baada ya kusikia hayo niliiacha ile fomu kwenye droo, nikajiambia ninafanya hivyo kwa ajili yake.

Haikuwa kwa ajili yake. Niliogopa kwamba nikiipeleka nitaulizwa nimekuwa nikiingiaje. Huko Kitui nako kila mtu alidhani mwenzake ameshaifunga akaunti ya Kyalo.

Jumatatu ya wiki hii akaja Mama Syombua, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama ninaowapimia mahindi. Ameolewa huku lakini ni mzaliwa wa Zombe. Aliweka cheti cha mahindi yao mezani, akagusa kwa kidole jina la aliyethibitisha majibu.

"Mwende, huyu si tulimzika? Mimi mwenyewe nilitupa mchanga. Sasa hii mahindi yetu amepima lini?"

Mashine haijui mazishi, inaandika jina la aliyeingia. Mahindi yao yalikuwa safi, hilo nina hakika nalo, lakini kikundi kizima kimeshasikia kwamba yalipitishwa na mtu aliye kaburini, na hakuna mama anayetaka kuyapikia watoto. Wengine wameanza kuwamwagia kuku.

Alipoondoka nikawaza jambo lingine. Lile neno la siri tulilijua watu wanne. Yeyote kati yetu angempigia Mama Mumo kwa sauti ya upole, angesomewa namba, akaingia, akageuza jibu la mahindi yenye sumu yakawa salama. Watu wangekula. Na lawama ingemwangukia Kyalo, ambaye hawezi tena kujitetea.

Kwa hivyo jana nilisafiri hadi Kitui nikakiri kila kitu. Mkubwa hakunifokea, na ningeona afadhali angenifokea. Majibu yote niliyofungua tangu mazishi yamefutwa, na mahindi yatapimwa upya. Fomu niliyoikimbia mwaka mzima, pamoja na mafunzo yake, ilimalizika kwa mchana mmoja. Sasa namba sita zinakuja kwenye simu yangu mwenyewe. Kisha msichana wa kompyuta akaifungua akaunti ya Kyalo, akanitazama, akauliza kama aifunge.

Nikasema funga.

Nilipanga kumpigia Mama Mumo jioni. Jioni ilipofika nikasema nitampigia asubuhi, nikiwa nimepumzika. Mimi ni mwoga, ndiyo ukweli wenyewe.

Leo saa mbili na robo simu yangu ikalia. Alikuwa yeye. Siku zote mimi ndiye niliyekuwa nikipiga.

"Mwende, uvoo waku? Niko huku juu tangu saa mbili. Namba haijakuja. Nimezima simu nikawasha, bado."

Nilisikia upepo wa kile kilima kwenye simu. Nikamwambia hazitakuja tena. Nikamweleza habari ya cheti, na Mama Syombua, na jina la mumewe.

"Umefanya vizuri," akasema. "Jina lake lisichezewe."

Kisha akauliza: "Basi nishuke?"

Nililia. Yeye ndiye mfiwa, na yeye ndiye aliyenibembeleza hadi nikatulia. Nilipotaka kumwambia kitu cha maana, mwanawe Mumo alikuwa anamwita kutoka chini, akaniaga haraka akaenda.

Siku nzima nimekuwa na lile swali lake. Nilimpandisha kilima kila asubuhi kwa ajili ya kazi yangu, na sasa kazi haimhitaji tena. Jambo lililo sahihi nimelifanya, na limeniuma kuliko lile kosa.

Kesho saa mbili nitaingia kwa jina langu, kwa namba zangu, kisha nitampigia. Sina cha kumwomba asome. Nitamuuliza tu kama amekunywa chai.

Kama hatakuwa amepanda, simu haitaingia.